Diski ya Nje Inapogoma na Kompyuta Inapojaa: Njia Ipi Imfae Nani

Matatizo haya mawili huandamana mara nyingi. Kompyuta hujaa, mwenyewe akahamishia picha, video na nyaraka zake kwenye diski ya nje ili apate nafasi, na baada ya muda diski ile ile huanza kuchelewa kufunguka, kukatika katikati ya kunakili, au kuleta ujumbe unaomtaka aifomati (yaani aifute na kuipanga upya) kabla ya kuitumia. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu ushauri ni mwingi na unagongana: mmoja anasema endesha chkdsk, zana ya Windows ya kukarabati diski, wa pili anasema pakua programu ya kurejesha faili, wa tatu anasema fomati tu uendelee na kazi, na wa nne anasema usiiguse kabisa, ipeleke kwa mtaalamu. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa diski yake.

Hapa chini njia hizo nne zimewekwa kwenye mizani moja, kisha zinafuata njia nne za kusafisha kompyuta, kwa kuwa uamuzi wa upande mmoja hugusa upande wa pili. Msimamo wangu niuseme mapema: mpangilio wa hatua una uzito kuliko jina la programu. Kusoma kutangulie, kunakili kufuate, na kuandika chochote kwenye diski yenye shaka kuje mwisho.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni kama njia husika inasoma tu au inaandika kwenye diski. Njia inayosoma tu inaweza kurudiwa au kuachwa bila kubadilisha yaliyomo, lakini inayoandika hubadilisha hali ya diski, na mabadiliko hayo huenda yasirudishike.

Cha pili ni aina ya hitilafu inayotibiwa. Hitilafu za diski ni za namna mbili. Kuna hitilafu za mpangilio, ambapo diski yenyewe ni nzima ila mfumo wa faili umevurugika, yaani ile orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Na kuna hitilafu za mwili: sekta mbovu (vipande vidogo vya diski visivyosomeka tena), vichwa vya kusomea vilivyochoka, mota isiyozunguka, au saketi iliyoungua. Dawa ya namna ya kwanza inaweza kuiua diski yenye ugonjwa wa namna ya pili.

Cha tatu ni muda na gharama, na cha nne ni kinachobaki iwapo njia imeshindikana. Kigezo hiki cha nne husahaulika, na ndicho ninachokipa uzito zaidi ya vingine vyote.

Vipimo vya awali, kabla ya kuchagua njia yoyote

Diski nyingi zinazodhaniwa zimekufa huwa zimekosa umeme au kebo nzuri. Diski ndogo ya inchi 2.5 hutegemea umeme wa tundu la USB peke yake, na kwa viwango vya kawaida tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 huku la USB 3.0 likitoa 900. Mota inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika mwendo, kwa hiyo diski iliyochomekwa kwenye kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake, au kwa kebo ndefu na dhaifu, inaweza kuwaka taa bila kuzunguka. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kebo nyingine, kisha kwenye kompyuta nyingine. Diski kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake ya volti 12, na adapta hiyo nayo huharibika.

Baada ya hapo, sikiliza. Diski nzima hutoa mvumo mmoja laini. Mlio wa tiki-tiki unaojirudia kwa mpigo ule ule maana yake ni kwamba vichwa vinatafuta alama za njia kwenye sahani zinazobeba data, vinakosa, vinarudi mahali pake na kuanza tena. Mlio mwembamba wa bip-bip kwa kawaida huashiria mota inayojaribu kuzunguka ikashindwa, kwa kukosa umeme au kwa sababu vichwa vimenasa juu ya sahani. Tiki-tiki ikisikika, au bip-bip ikiendelea hata kwa kebo na tundu jipya, chomoa. Vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na kila dakika ya ziada diski ikiwashwa katika hali hiyo inaweza kuongeza mikwaruzo.

Ikiwa mlio ni wa kawaida, soma takwimu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, ziitwazo SMART. Kwenye Windows programu ya CrystalDiskInfo huzionyesha, na kwenye Linux na macOS ipo smartctl. Mistari ya kutazamwa ni mitatu: namba 5, inayohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, namba 197, inayohesabu sekta zinazosubiri uamuzi kwa sababu zilishindwa kusomeka, na namba 198, ya sekta zilizoshindikana kabisa. CrystalDiskInfo huandika namba hizo kwa mfumo wa kumi na sita, ambapo mstari wa 197 huonekana kama C5 na wa 198 kama C6, na thamani ya 18 kwenye safu ya mwisho ni sekta 24, si 18. Ukikuta mstari wa 197 una 8 leo na 24 kesho, diski hiyo inaendelea kuoza. Usiipe kazi nyingine yoyote isipokuwa kutoa kilichomo.

Hata hivyo takwimu safi si hati ya kinga. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne za SMART ambazo utafiti huo uliziona kuwa na nguvu zaidi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba diski iliyokwisha kutoa kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa kama hilo. Kwa maneno mengine, dalili mbaya iaminiwe mara moja, lakini kukosekana kwa dalili kusimlaze mtu usingizi.

Njia ya kwanza: kukarabati mfumo wa faili

*Inachofanya.* Zana zake zimo ndani ya mfumo endeshi: chkdsk kwenye Windows, First Aid ndani ya Disk Utility kwenye macOS, na fsck kwenye Linux. Amri ya chkdsk ikiandikwa bila nyongeza husoma na kuripoti tu. Ikiongezewa /f hurekebisha makosa ya mpangilio, na ikiongezewa /r hupitia diski nzima kutafuta sekta mbovu pamoja na kufanya yote ya /f.

*Ugonjwa inaoutibu.* Ni hitilafu za mpangilio pekee, kama zile zinazotokana na kuchomoa diski katikati ya kuandika au umeme kukatika. Diski iliyofomatiwa kwa exFAT huathirika kirahisi zaidi hapa, kwa kuwa mfumo huo hauna jarida la kumbukumbu za mabadiliko kama lililomo kwenye NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows.

*Muda na gharama.* Haina malipo. Ukarabati wa /f huweza kumalizika kwa dakika chache, lakini /r hulazimika kusoma kila sekta. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, diski nzima ya terabaiti 2 huchukua takriban saa tano na nusu, na kwa tundu la zamani la USB 2.0 huzidi saa kumi na tano. Diski mgonjwa huchukua muda mrefu kuliko huo.

*Ikishindikana.* Hapa ndipo penye tatizo. Kazi ya chkdsk ni kuufanya mfumo wa faili uwe na mpangilio unaokubalika, na kuokoa faili zako si lengo lake la kwanza. Ikikuta kumbukumbu ya folda isiyosomeka, inaweza kuiondoa, na faili zilizokuwamo zikaishia kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000, zikiwa na majina kama FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea, bila jina la awali wala alama ya kuonyesha kama ni picha au barua. Kwenye diski yenye sekta mbovu, zile saa za /r ni saa za kuichosha diski bila kupata nakala ya faili hata moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye diski ambayo takwimu zake za SMART ni safi, mlio wake ni wa kawaida, na yaliyomo yana nakala mahali pengine au hayana thamani kubwa.

Njia ya pili: kunakili diski nzima, kisha kuokoa faili kutoka kwenye nakala

*Inachofanya.* Diski yenye shaka husomwa sekta kwa sekta, na kila kinachosomeka huandikwa kwenye faili moja kubwa iliyo katika diski nyingine. Zana ninayoiamini zaidi ni GNU ddrescue, ambayo ni ya bure. Siri yake ni faili ya ramani: hunakili kwanza maeneo mazima, huruka yanayogoma, kisha hurudi kuyajaribu baadaye, na hata ukikatishwa katikati huendelea pale pale ilipoishia. Mzunguko wa kwanza huandikwa hivi:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Nyongeza ya -n huiambia isihangaike na sehemu ngumu kwa sasa. Baada ya mzunguko huo kumalizika, na kama diski bado inaitikia, huja wa pili:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hakikisha mara mbili ni diski ipi iliyo /dev/sdb katika kompyuta yako, kwa sababu mahali pa chanzo na pa kupokelea pakibadilishana, kilichokuwa kikiokolewa kinaweza kufutwa. Anayetumia Windows anaweza kuwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue.

Nakala ikishapatikana, programu ya TestDisk hujaribu kurudisha sehemu za diski na orodha ya faili pamoja na majina yake. Ikishindikana, PhotoRec, ambayo ni kazi ya mtunzi huyo huyo, Christophe Grenier, hupuuza mfumo wa faili na kutafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Hupata mengi, ila majina na folda hupotea, na mtu aliyekuwa na picha elfu kumi hujikuta ana kazi ya siku nyingi ya kuzipanga.

*Ugonjwa inaoutibu.* Hitilafu za mpangilio zote, na hitilafu za mwili ambazo ni za wastani, yaani sekta mbovu kwenye diski ambayo bado inazunguka na kutambulika.

*Muda na gharama.* Programu ni za bure, lakini unahitaji diski nyingine yenye ukubwa usiopungua ile ya kwanza, na muda unaoweza kufika siku kadhaa ikiwa sekta mbovu ni nyingi. Pia inadai utulivu wa kuandika amri na kusoma kinachojibiwa.

*Ikishindikana.* Diski ya awali haijaandikwa kitu. Imechoka kiasi kwa kusomwa, na hilo lisidharauliwe, lakini mlango wa kwenda kwa mtaalamu haujafungwa. Kwa faida hiyo njia hii inaipita ya kwanza kila mara faili zinapokuwa na thamani.

Tahadhari moja inawahusu wenye diski za aina ya SSD, zisizo na sahani zinazozunguka. Faili iliyofutwa kwenye SSD inaweza kuondolewa kabisa na amri ya TRIM muda mfupi baada ya kufutwa, na hapo hakuna programu itakayoirudisha. Kwa diski yenye sahani, faili iliyofutwa kwa kawaida hubaki mahali pake mpaka iandikiwe juu.

*Inamfaa nani.* Mwenye faili zisizo na nakala, kwenye diski ambayo bado inatambulika na haitoi mlio wa ajabu, na ambaye yuko tayari kujifunza amri mbili tatu au ana mtu wa karibu anayezijua.

Njia ya tatu: kufomati na kuanza upya

*Inachofanya.* Hujenga mfumo mpya wa faili. Fomati ya haraka huandika orodha mpya tupu na kuacha sehemu kubwa ya data ya zamani chini yake. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na kilichokuwamo hakirudi.

*Ugonjwa inaoutibu.* Mvurugiko wa mpangilio, programu hasidi, na ule usumbufu wa mfumo usioelewana na kompyuta. FAT32, kwa mfano, haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na macOS husoma NTFS lakini haiandiki bila programu ya ziada. Diski inayotembea kati ya Windows na Mac ifomatiwe kwa exFAT. Inayokaa kwenye Windows pekee ibaki NTFS.

*Muda na gharama.* Haraka ni sekunde chache. Kamili ni saa nyingi. Hakuna malipo.

*Ikishindikana.* Ukiwa na nakala, hujapoteza kitu. Bila nakala, umejifungia mwenyewe. Fomati kamili ina manufaa yake kama kipimo: soma mstari wa 197 na wa 5 kabla na baada. Ikiwa sekta zilizosubiri zimerudi sifuri na namba 5 haikupanda, huenda kosa lilikuwa la uandishi tu. Ikiwa namba 5 imeruka, diski hiyo isipewe tena kitu ambacho hakiko mahali pengine.

*Inamfaa nani.* Mwenye nakala aliyoifungua na kuikagua, si aliyoisikia kwamba ipo.

Njia ya nne: kupeleka maabara ya urejeshaji data

*Inachofanya.* Diski hufunguliwa kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa, vichwa hubadilishwa kwa vya diski nyingine ya modeli ile ile, kisha sahani husomwa kwa vifaa maalumu. *Ugonjwa inaoutibu* ni ule wa mwili: mlio wa tiki-tiki, mota iliyonasa, diski iliyoanguka, saketi iliyoungua. Kubadilisha saketi peke yake nyumbani hakusaidii diski nyingi za kisasa, kwa sababu kila saketi hubeba chipu yenye vipimo vya diski yake. Kuitoa diski ndani ya boksi lake pia si dawa ya uhakika: baadhi ya diski za inchi 2.5 zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye saketi, na nyingine husimba data zake ndani kwa ndani, hivyo nje ya boksi hazisomeki.

*Muda na gharama.* Ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote, aghalabu mara kadhaa ya bei ya diski mpya, na inaweza kuchukua wiki. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi: kama uchunguzi una malipo, kama unalipa pale data isipopatikana, kama utaonyeshwa orodha ya faili kabla ya kulipa, na nani atakayeziona faili zako.

*Ikishindikana*, kwa kawaida hakuna njia nyingine inayofuata, na ndiyo maana diski inapaswa kufika huko kabla haijajaribiwa kila kitu. Kuiweka kwenye friza ni ushauri wa zamani unaoendelea kusambaa na unaopaswa kuachwa: diski baridi ikitolewa hushika unyevu, na unyevu juu ya sahani ni maangamizi.

*Inamfaa nani.* Mwenye faili ambazo kuzipoteza kungemgharimu zaidi ya ankara ya maabara, na ambaye diski yake ina dalili za mwili.

Upande wa kompyuta: njia nne za kusafisha

Kabla ya kufuta chochote, pambanua kujaa na uzito. Kompyuta inaweza kuwa nzito ilhali ina nafasi tele, kwa sababu programu nyingi hujiwasha zenyewe, kumbukumbu ya RAM ni ndogo, au feni imejaa vumbi na kichakataji kinapunguza mwendo ili kisiungue. Kufuta faili hakutibu lolote kati ya hayo. Kufuta husaidia mwendo pale diski ya mfumo inapokaribia kujaa kabisa, mfumo ukakosa pa kuweka faili za muda na masasisho. Vigezo hapa ni nafasi inayorudi, hatari ya kupoteza, muda, na anayefaa.

*Kusafisha kwa mkono kwa kutumia ramani ya diski.* Programu kama WinDirStat au WizTree kwenye Windows, GrandPerspective kwenye Mac, na Baobab kwenye Linux huonyesha kila faili au folda kwa umbo linalolingana na ukubwa wake. Dakika chache za kutazama ramani hiyo hufichua yaliyosahaulika: video moja iliyopakuliwa mara tatu, nakala za zamani za simu, faili za usakinishaji. Nafasi inayorudi huwa kubwa kuliko njia nyingine yoyote isipokuwa usakinishaji mpya. Hatari iko kwa asiyejua kutofautisha faili zake na za mfumo: hiberfil.sys na pagefile.sys huonekana kubwa na za kuvutia kufuta, lakini ni za Windows na zina kazi. Inamfaa mtu anayejua folda zake na anaweza kukaa na uamuzi wa kila faili.

*Zana za ndani ya mfumo.* Windows 10 na 11 zina Storage Sense, inayoondoa faili za muda na kumwaga pipa la taka kwa ratiba, na macOS ina sehemu yake ya kusimamia hifadhi. Hatari ni ndogo, muda ni mfupi, nafasi inayorudi ni ya wastani, ingawa baada ya sasisho kubwa kufuta folda ya Windows.old, yenye mfumo uliotangulia, huweza kurudisha gigabaiti nyingi kwa mkupuo. Kagua kila kisanduku kabla ya kukubali, hasa cha folda ya vilivyopakuliwa, kwa kuwa wengi huweka humo nyaraka zao za kila siku. Inamfaa karibu kila mtu kama hatua ya mwanzo, na kwa baadhi inatosha.

*Programu za kusafisha za nje.* Zinakusanya mambo mengi mahali pamoja, husafisha mabaki ya vivinjari na programu ambazo zana za ndani haziyagusi, na kwa anayehudumia kompyuta nyingi urahisi huo ni wa kweli. Upande wa pili ni kwamba unaipa programu ngeni mamlaka makubwa. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner lilisambazwa likiwa na msimbo hasidi uliopenyezwa kabla halijawafikia watumiaji, na waliolipakua kutoka mahali halali walilipata hivyo hivyo. Kipengele cha kusafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, kiachwe: nafasi kinachorudisha ni kidogo mno, na Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake. Njia hii inamfaa mwenye uzoefu, anayechagua kipengele kimoja kimoja.

*Kuweka mfumo upya.* Kipengele cha kurudisha kompyuta mwanzo kimo ndani ya Windows tangu toleo la 8, na hutoa chaguo la kubakisha faili binafsi au kuondoa kila kitu. Huondoa uchafu wa miaka, pamoja na programu hasidi nyingi. Bei yake ni kusakinisha programu zote tena na kutafuta leseni na manenosiri. Chaguo la kubakisha faili lisichukuliwe kama nakala rudufu. Ikiwa diski imesimbwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows wenyewe, uwe na ufunguo wake wa urejeshaji wa tarakimu 48 kabla ya kuanza. Na diski ya nje ichomolewe, kwa sababu kosa la kuchagua diski isiyo yenyewe kwenye skrini ya usakinishaji hutokea kwa haraka. Inamfaa mwenye kompyuta iliyovurugika kiasi kwamba kusafisha sehemu sehemu hakuna tija.

Uchaguzi kwa kufuata hali

Ikiwa diski haionekani kabisa na haina mlio wala mtetemo, maliza kwanza kebo, tundu, adapta na kompyuta ya pili. Ikionekana baada ya hapo, nakili kilichomo siku hiyo hiyo kabla ya uchunguzi mwingine.

Ikiwa inaonekana lakini ujumbe unataka uifomati, na faili zako haziko kwingine, bonyeza kitufe cha kughairi. SMART ikiwa safi au ikiwa na sekta chache zinazosubiri, njia ya pili inafaa. Namba zikiwa zinapanda mbele ya macho yako na faili ni za thamani kubwa, zima uende njia ya nne.

Ikiwa faili ziko kwingine na SMART ni safi, chkdsk yenye /f ni ya haraka na ya busara, na ikishindwa fomati.

Ikiwa umefuta faili kwa bahati mbaya kwenye kompyuta yenyewe, ahirisha usafi wote, usisakinishe programu ya urejeshaji kwenye diski ile ile, na zilizookolewa zipelekwe kwenye diski nyingine.

Ikiwa kompyuta imejaa na diski ya nje ni nzima, anza na zana za ndani, kisha ramani ya diski. Unapohamishia faili nje, kumbuka kwamba faili iliyohamishwa na kufutwa kwenye kompyuta bado iko mahali pamoja tu, ila sasa pamebadilika.

Na ikiwa kompyuta imejaa wakati diski ya nje nayo inaumwa, pata diski ya tatu kabla ya kufuta hata faili moja, iwe ya kununua au ya kuazima. Nakala ya diski mgonjwa iingie humo kwanza, ifunguliwe, faili kadhaa kutoka folda tofauti zikaguliwe kama zinafunguka hadi mwisho, kisha ndipo zamu ya kusafisha kompyuta ifike.